Kofia ya Mjukuu wa Somoe

Makambako nzima, kuanzia njia panda ya Njombe hadi stesheni ya reli, ilijua kwamba Somoe atamnyoa mjukuu wake kwa mkono wake mwenyewe. Ilijua hata kabla mjukuu hajazaliwa, maana Somoe hakuwa mtu wa kungoja. Aliuza vitenge na khanga sokoni, na kila aliyesimama kutazama rangi alipewa na habari za Hamis juu yake. Hamis ni mwanawe wa pekee, anapakia viazi Makete na kuvishusha Dar. Alikwenda Iwawa, huko huko Makete, kutafuta viazi, akarudi na mke. Mke mwenyewe ni Judith, binti wa mzee Filemoni wa Tandala, Mkinga na Mlutheri tangu tumboni mwa mama yake, lakini adabu anayo. Wazee wa pande mbili walikaa, wakasikilizana: mtoto wa kwanza ataitwa Musa, jina la marehemu babu yake, na nywele zake za tumboni zitanyolewa Makambako, shehe akiwapo na mbuzi wakichinjwa.

"Nywele za mjukuu wangu haziguswi na mtu," Somoe alikuwa akisema huku akikunja kitenge ambacho mteja hakukinunua. "Wembe wa kwanza ni wangu."

Angejua, angekinunulia kinywa chake kufuli.

Mtoto alikuja kabla ya siku zake. Judith alipandwa na presha, akakimbizwa hospitali Njombe, akapasuliwa, na akatolewa kitoto chepesi ambacho ukikipakata unaona umepakata khanga tupu. Ngozi ilikuwa nyembamba, mishipa unaiona. Lakini nywele! Nywele alijaliwa, nyeusi, zimelala mpaka masikioni. Somoe alipoziona alisahau hata kuuliza kama mtoto anapumua vizuri.

Akafunga meza yake sokoni, akahamia Njombe. Kidonda cha Judith kilikuwa kimeingia usaha, kwa hiyo hakuruhusiwa kukanyaga wodi ya watoto njiti, na mama yake mzazi alishatangulia mbele ya haki miaka mingi. Nani akae na mtoto? Bibi yake. Wakamvika Somoe gauni la hospitali, wakamwonyesha kunawa mikono mpaka viwiko, wakamweka kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda kidogo chenye taa ya joto. Nje ukungu wa Njombe ulikuwa umeshika miti, na baridi ilipita hata pasipo na tundu. Somoe, aliyezaliwa Kilwa na kuletwa nyanda hizi na mume, hakuwahi kupatana na baridi hiyo. Hata hivyo alikaa. Hilo nalo tumpe, hakuwa mvivu wala mtu wa mapenzi ya mdomoni.

Siku chache hazikupita, tumbo la mtoto likavimba na kung'aa. Daktari akalibonyeza kwa kidole kimoja, akasema utumbo haujakomaa, maziwa yameushinda, inabidi upumzike. Mtoto asipewe kitu mdomoni, hata tone. Atalishwa kwa mshipa.

"Atashiba kwa mshipa?" Somoe aliuliza.

"Ataishi kwa mshipa, bibi. Kushiba baadaye."

Basi chupa zikatundikwa, za sukari na za virutubisho vingine, na mrija mwembamba ukapelekwa kwenye kiganja cha mtoto. Mshipa wa kiganja ukadumu kidogo, ukapasuka. Wakahamia mkono wa pili. Wakahamia miguuni. Mishipa ya njiti ni nyuzi tu, haivumilii. Asubuhi moja Somoe alitoka kwenda kunywa chai, na aliporudi alimkuta nesi mmoja kijana, Anneth, binti wa Kibena mwenye sauti ya chini, anafuta wembe kwa pamba. Mjukuu amelala chali. Upande wa kulia wa kichwa nywele zipo. Upande wa kushoto hakuna hata moja, pamebaki upara mweupe, na katikati ya upara huo kanula, kijibomba cha kupitishia chakula mshipani, imebandikwa plasta na kubandikwa tena mpaka ikakaa sawa.

Somoe alihisi kama amevuliwa nguo barabarani.

"Nani kakupa ruhusa ya kumnyoa?"

"Mshipa, bibi," Anneth alijibu, bila ujeuri. "Mikononi imekwisha, miguuni imekwisha. Umebaki huu wa kichwani, nao ulikuwa chini ya nywele. Mtoto hajala tangu alfajiri."

Somoe aliinama. Aliokota nywele zile kwenye sahani ya bati, moja moja, akazifunga kwenye leso. Anneth akamwacha amalize, kisha akachukua kofia ya sufu ya manjano ambayo Judith aliifuma mwenyewe akiwa na mimba, akamvika mtoto, na ule upande wa kushoto akaukunja juu mpaka kanula ikaonekana yote.

"Kofia avae, baridi ya hapa haimtaki njiti," alisema. "Ila upande huu uwe wazi muda wote. Mimi nitakuwa napita kuangalia, na wewe uko hapa karibu. Ukiona pamevimba au pamebadilika rangi, niite, usingoje. Haya siyo maji, bibi, ni chakula kizito. Ndani ya mshipa kinamjenga. Kikivuja nje ya mshipa kinaunguza nyama."

"Nimesikia," alisema Somoe.

Nataka hili lieleweke vizuri, lisije likatafutiwa visingizio: alisikia. Hakuna neno lililompita. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila hawakutuambia anavunjika nini anayesikia na kufanya yake.

Kesho yake mchana simu yake ikatetemeka chini ya gauni. Alikuwa Yasmini, shoga yake wa sokoni, muuza viungo, mwanamke ambaye habari ikiingia sikioni mwake inatokea mdomoni kabla haijapoa.

"Somoe! Tuko getini, Noah nzima! Tumekuja kumwona bwana harusi wetu!"

Kuingia ndani wageni hawaruhusiwi, lakini ukutani mwa wodi ile kuna kioo kikubwa upande wa korido, na ndugu husimama hapo wakaoneshwa mtoto kwa mbali. Somoe alisikia ndara zao zinakuja. Akamtazama mjukuu wake. Kichwa kilikuwa kama shamba lililolimwa nusu likaachwa. Akaona jinsi Yasmini atakavyoliona, na jinsi soko zima litakavyoliona kabla ya jua kuzama: Somoe na wembe wake, kumbe nesi wa Njombe keshamtangulia. Wataangua kicheko. Na wale wa huku milimani watasema mtoto aliyenyolewa nusu ni dalili ya msiba. Uso ukamwaka moto.

Akaishika ile kofia, akaukunjua upande wa kushoto, akauvuta chini, ukapita juu ya kanula na plasta, ukapita sikio, ukafika shavuni.

Mara moja tu, alijiambia. Wakishaona, naikunja.

Akina Yasmini walisimama kiooni, wamejitanda khanga mpya, wakapiga vigelegele vya chini chini kwa sababu mlinzi alishawaonya. Somoe akakigeuza kitanda kidogo ili wamwone vizuri. Kofia ya manjano ilimpendeza mtoto kweli. Yasmini akaweka mkono moyoni, kisha akafanya ishara ya kumwita: toka nje, tumekuletea chakula.

Akatoka. Walikuwa wameketi juani karibu na geti, wamefungua hotipoti ya pilau, harufu ya bizari ikipigana na baridi. Somoe alikuwa hajala chakula cha maana tangu aje. Wakamsifu. Wakasema mtoto ni mzuri, na lile paji ni la marehemu mumewe tupu, hakuna cha Mkinga pale. Somoe akacheka kicheko chake cha sokoni ambacho alidhani kimemhama.

Na hapo, tonge liko mkononi, akaikumbuka kofia.

Aliikumbuka vizuri. Aliiona kama ilivyo, imeshuka mpaka shavuni, na chini yake mrija unapeleka. Miguu yake ilitaka kuinuka. Lakini Yasmini alikuwa katikati ya hadithi ya siku ya harusi ya Somoe, na hadithi ilikuwa tamu, na wenzake wote walikuwa wanamtazama yeye. Akasema moyoni, nesi yupo. Akaongeza pilau kwenye sahani.

Nesi alikuwapo, ni kweli. Ila muda uleule aliletwa mama kutoka mbali, amejifungulia njiani watoto pacha, mmoja hapumui, na Anneth alikuwa ameinama kwenye meza ya joto akimsukumia pumzi kwa kifuko. Alipoinua macho kutazama wengine aliona kofia ya manjano na mtoto aliyetulia. Akarudi kwa pacha wake.

Wageni walipoondoka Somoe alinawa, akaingia. Mtoto hakuwa ametulia. Uso wake ulikuwa umejikunja wote, mdomo wazi, analia kilio ambacho hakina sauti, maana njiti hana nguvu za kulia. Ukingo wa kofia ulikuwa umelowa. Somoe akaushika, ukamnata vidoleni. Akaufunua.

Upande ule wa kichwa ulikuwa umeumuka kama andazi. Ngozi imevutika, imepauka, na katikati, pale kanula ilipoingilia, palikuwa na doa la zambarau.

Sasa sikiliza mtu alivyo. Kabla kinywa chake hakijafunguka kuita, mikono yake ilishafanya kazi nyingine. Ilimvua mtoto kofia, ikaifinyanga, ikaisukumiza ndani ya mkoba uliokuwa chini ya kiti, ikavuta zipu. Ndipo akapiga kelele.

Anneth alikuja mbio. Akafunga mrija, akamtoa mtoto kanula, akamwinua kichwa. Daktari akaja, wakamtoboa vitundu vidogo vya sindano kwenye ule uvimbe na kuuosha kwa maji safi ili kile kilichovuja kitoke. Mtoto akawa anapindapinda miguu. Somoe alisimama ukutani na mkoba wake kifuani.

"Nani alipaangalia hapa mwisho?" daktari aliuliza.

"Mimi," alisema Anneth. "Nimechelewa, daktari. Nilikuwa na pacha."

Alikitazama kichwa kile kitupu, akamtazama Somoe, akarudisha macho kwenye kazi. Somoe aliomba ardhi immeze, na ardhi ikamgomea.

Mungu hakumchukua mtoto. Daktari alihangaika akapata mshipa kwapani, huo ukavumilia, na tumbo likaanza kunywea. Baadaye maziwa ya Judith yalirudishwa, tone kwa tone, kwa mpira wa puani, na utumbo ukayakubali. Ila kidonda cha kichwani kikawa cheusi, kikakauka kama gamba, gamba likadondoka, na chini yake pakabaki jeraha lenye ukubwa wa jani la chai. Daktari alisema litapona. Alisema pia nywele hazitaota hapo.

Hamis alirudi kutoka Dar, hakupitia hata nyumbani. Alipokiona kichwa cha mwanawe alishika ukuta. Kisha akaapa, kwa jina la baba yake aliyelala kaburini, kwamba yule nesi hatavaa tena sare nyeupe katika nchi hii. Matroni akamwomba asubiri, akaweka siku ya kuketi wote pamoja ofisini kwake.

"Mama, wewe ulikuwapo," Hamis alimwambia mama yake. "Siku hiyo utasema ulichoona."

"Nitasema," alijibu Somoe.

Alishuka Makambako kuchukua nguo, na huko alikuta habari imemtangulia. Yasmini alishaifikisha kila meza: manesi wa Njombe wamemuunguza mjukuu wa Somoe. Watu waliacha biashara zao wakaja kumshika mkono. Pole, mama Hamis. Pole, dada. Muuza dagaa alimfungia furushi akakataa shukrani. Somoe alizipokea pole zile zote, na kila moja ilimuuma kama kibao, maana hakuwa anastahili hata moja. Aibu ya kwanza ilikuwa ya kipara, na angeweza kuicheka nao wiki mbili ikaisha. Hii ya pili alikuwa anaibeba peke yake huku anaombewa dua.

Nyumbani aliutundika mkoba kwenye msumari. Alipoamka aliona mstari wa sisimizi umepanda ukutani, unaingia kwenye zipu. Maji yale yalikuwa na sukari, na kofia ilikuwa imeyanywa. Aliukung'uta mkoba uani, akawakanyaga, akautundika kwingine. Jioni walikuwa wameshaupata tena. Kwa nini asiitupe? Aliogopa kuitupa, kwa sababu Judith aliifuma kwa mkono wake na iko siku ataiuliza. Kwa nini asiifue basi? Aliitia kwenye beseni mara moja, akaishika sabuni, na akaiona ile alama ya kahawia pale upande wa kushoto. Akaitoa kabla haijalowa, akairudisha mkobani. Alikuwa na nguvu za kuficha, hakuwa na nguvu za kufua.

Siku ya kikao ofisi ya matroni ilikuwa na jiko la mkaa pembeni, na dirisha limefungwa. Matroni, mama Oktavia, alikuwa Mbena mnene, mpole wa kutisha. "Kamwene," aliwasalimu wote, akawaonyesha viti. Judith aliingia akijishika tumbo, kidonda kikiwa bado kinamvuta, akaketi kando ya mumewe. Anneth alikataa kiti, akasimama karibu na mlango. Macho yalikuwa yamemvimba.

Hamis alisema yake, akayasema kwa uchungu. Mtoto amelala hospitali, si porini. Watu wamesomea. Wamemwacha anaungua kichwani kama hana mwenyewe. Yeye hataki fidia, hataki samahani, anataka huyu binti aondoke.

"Anneth," alisema matroni.

"Zamu ilikuwa yangu," alisema Anneth. "Ilinipasa nipite niangalie kwa macho na nipaguse kwa kidole. Sikupita. Nilimwona kwa mbali ana kofia yake, ametulia, nikadhani ni salama."

"Ana kofia?" matroni alimkatiza. "Mbona uliniambia ulimkuta kichwa wazi?"

"Nilimkuta wazi."

Mkaa ukapasuka jikoni. Somoe alikuwa ameuweka mkoba mezani mbele yake, ameushika kwa mikono miwili.

Judith ndiye aliyesema, kwa ile sauti yake ya heshima ambayo tangu aolewe hakuwahi kuipandisha. "Mama, kwani ile kofia niliyomfumia iko wapi? Nimeiulizia wodini, hawaijui."

"Imepotea, mwanangu," alisema Somoe. "Si unazijua wodi hizi. Vitu vinapotea."

Uongo ulitoka wenyewe, laini, kama bei ya kwanza sokoni. Na kabla haujakauka mdomoni, sisimizi mmoja akatoka kwenye zipu, akashuka juu ya mkoba, akaanza kuikata meza kuelekea kwa matroni. Nyuma yake akatoka wa pili. Kisha wakatoka wengi, wamejipanga, hawana haraka, kama wanaokwenda kutoa ushahidi.

Hakuna aliyewakanyaga. Hamis aliwatazama bila kuelewa. Judith aliwatazama, kisha akautazama mkoba, kisha akainua macho akamtazama mama mkwe wake, na Somoe akajua kwamba Judith ameshaelewa. Njia ya mwongo ni fupi, lakini hii ilikuwa haijafika hata upana wa meza.

Angeweza bado kusema ni andazi. Neno lilikuwapo ulimini. Aliwaza pia kwamba Judith, kwa adabu yake, angelikubali mbele ya watu. Akamwona Anneth mlangoni, anang'ata mdomo usitetemeke, mtoto wa watu, hajafikia hata umri wa Hamis. Somoe akafungua zipu. Akaitoa kofia, ngumu upande mmoja kwa sukari iliyokauka, sisimizi wakimpanda mikononi, akaiweka mezani.

"Niliivuta mimi," alisema. "Huyu binti aliniambia nisipafunike. Alinieleza na sababu. Wageni wakaja, nikapafunika. Nikaenda kula nao. Nilikumbuka nikiwa nakula, nikaendelea kula. Nilipomkuta mtoto vile niliificha kofia kwanza, ndipo nikaita."

Hamis aliisogelea kofia, akaigusa ule upande mgumu.

"Kwa nini, mama?" aliuliza Judith.

"Niliona aibu."

"Aibu ya nini?" Judith hakuwa anamlaumu, alikuwa anauliza kweli, na ndiyo maana liliuma. "Ulimwonea aibu mwanangu?"

Somoe alilia kwa sauti, na hakuna aliyemwambia pole.

Matroni alingoja. Kisha akasema Anneth hataondoka, ila karipio lake liko palepale, kwa sababu macho ya nesi hayaazimishwi kwa bibi wa mtoto, na Anneth akasema ndiyo. Alipokuwa anatoka alipita karibu na Somoe. Somoe akataka kumshika mkono, Anneth akausogeza. Alikuwa na haki.

Hamis alimsogelea mama yake walipofika kwenye maegesho. Hapo alizungumza akiwa ametazama miti ya miwati ng'ambo ya uzio.

"Haya yasifike Makambako. Wewe unaishi na wale watu, unafanya nao biashara. Waache wanavyojua."

"Na Anneth?"

"Hawamjui. Wataishia kusema manesi, manesi. Wewe ni mama yangu."

Judith alikuwa nyuma yao. Hakukubali wala hakukataa. Tangu siku ile aliendelea kumwita mama, akaendelea kumpigia goti akimpa chai, heshima haikupungua hata kidogo, na Somoe alitamani angalau siku moja atukanwe.

Mtoto alipokomaa walimrudisha Makambako, na sherehe ikafanywa kama ilivyoahidiwa. Mzee Filemoni alishuka kutoka Tandala na gunia la viazi, akaketi kitako kwenye jamvi karibu na shehe kama jirani wa siku zote. Mbuzi walichinjwa, maulidi yakasomwa, mtoto akaitwa Musa. Ndani kwa wanawake palijaa mpaka mlangoni. Yasmini alikaa mstari wa mbele, na tangu aketi hakuwa amefunga mdomo: wale manesi, mashoga zangu, wale manesi wana roho za chuma, mimi ndugu yangu akiumwa nitampeleka popote lakini siyo pale.

Judith akaingia na mwanawe. Alikuwa amemvika kofia ya manjano, imefuliwa, imevutwa chini upande wa kushoto mpaka shavuni. Somoe alijua ni kwa ajili yake. Wamemfichia. Mwanawe amemfichia kwa mapenzi, mkwewe amemfichia kwa adabu, na binti wa watu kule Njombe anatukanwa kwenye kila meza ya soko.

Judith akapiga goti, akampakatisha mtoto, akamwekea mkononi wembe mpya. "Haya, mama," alisema. "Wembe wa kwanza ni wako."

Somoe akamvua mtoto kofia, akaiweka pembeni mahali pa kuonekana. Akalowesha nywele, akaanza upande wa kulia, akazunguka mpaka wa kushoto. Mkono wake ulikuwa mwepesi, hakumkwaruza. Nywele zilidondoka kwenye sahani, na juu yake akafungua ile leso, akaongeza zile alizoziokota Njombe. Kisha akakigeuza kichwa cha mtoto ili kila mtu aone.

Kovu lilikuwa la waridi, linang'aa, limekunjamana ukingoni. Chumba kizima kikavuta pumzi.

"Yarabi!" Yasmini akapiga mapaja yake kwa viganja. "Angalieni jamani! Ole wake aliyemfanya mtoto hivi! Mungu amwoneshe!"

"Amwoneshe," wakaitikia wanawake.

"Keshamwonesha," alisema Somoe. "Aliyemfanya hivi ndiye huyu anayemnyoa."

Kisha akauweka wembe sahanini, kwa sababu pale penye kovu hapakuwa na cha kunyoa.